Mume wangu aliporwa kwa bastola Chicago, na hataki polisi wajue

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Rogers Park, kaskazini mwa Chicago. Kwetu ni Fizi, Kivu ya Kusini, lakini watoto wote nimewazalia kambini Nyarugusu, na Marekani tuliletwa kama wakimbizi. Kadi zetu za ukaazi wa kudumu tulishazipata.

Baba watoto mchana yuko kiwandani, jioni anapeleka vyakula kwa gari letu, zile oda za kwenye simu. Wiki tatu zilizopita, Ijumaa usiku, alipeleka oda mtaa wa Austin, upande wa magharibi. Aliposhuka tu, vijana wawili waliofunika nyuso wakamjia, mmoja ana bastola. Walimpiga na kitako chake juu ya sikio, wakamlazimisha afungue simu, wakajitumia pesa kutoka akaunti yetu, kisha wakaondoka na gari. Ndani ya gari kulikuwa na pesa ya likelemba, mchango wa kupokezana wa kina mama wa kanisani, dola 2,800. Kesho yake ilikuwa zamu ya mama mmoja kupokea, nami nilimpa mume wangu azibebe kwa kuwa niliogopa kuziacha nyumbani.

Alifika nyumbani baada ya saa sita za usiku, damu imemgandia kwenye kola. Nikashika simu nipige 911, akanishika mkono. Akasema, "Ukiwaita polisi, wewe ndiye utakuwa umeniua." Tangu yule kijana wetu Patrick Lyoya auawe na polisi kule Grand Rapids, mume wangu akiona taa za bluu anatetemeka. Anasema Patrick alikuwa Mkongomani kama sisi, mkimbizi kama sisi, na Grand Rapids ni ng'ambo tu ya Ziwa Michigan. Halafu kuna hawa watu wa uhamiaji walioingia Chicago, anasema siku hizi ukijitokeza mbele ya mtu mwenye sare umejitafutia safari.

Gari lilipatikana siku ya nne, limekokotwa hadi yadi ya mji kwa kuegeshwa mahali pabaya. Tukalipa, tukalichukua, hatukueleza lolote. Sasa zimekuja tiketi za kamera, tatu za mwendo kasi na moja ya taa nyekundu, zote za zile siku gari lilipokuwa mikononi mwao.

Tangu usiku ule kichwa kinamuuma. Halali vizuri, anakaa dirishani. Rafiki yake wa kazini amemwambia atampatia bastola kwa dola 400, bila karatasi, na yeye anataka kuiweka garini. Anasema hatukukimbia risasi za Kivu ili tuje kufa kwa risasi za Chicago. Kijana wetu wa kwanza ana miaka 16, juzi nimemsikia akimwambia mwenzake kwamba shuleni wapo wanaoweza kuwajua waliompiga baba yake. Nimekosa nguvu, Shangazi. Kina mama wa likelemba nao wananong'ona kwamba pesa tumezila. Kaka yangu aliyeko Iowa anasema tuhame, mji huu utatumaliza.

Tunyamaze? Tuhame? Mimi nimsikilize mume wangu hadi lini?

Mama Riziki, Chicago

*

Marahaba, Mama Riziki. Poleni sana, wewe, Baba Riziki na watoto.

Umeandika mambo mengi, na moja umelipitia kwa sentensi moja tu, nalo ndilo lililonishtua kuliko bastola yenyewe. Mtu aliyepigwa kichwani kwa chuma, na wiki tatu baadaye kichwa bado kinamuuma na usingizi hana, apelekwe hospitali leo. Usisubiri Jumatatu, wala siku yake ya mapumziko. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu, ikajikusanya siku hadi siku, mtu akiwa anaendelea na kazi kama kawaida, halafu ghafla akaanguka. Ukimwona anatapika, anachanganya maneno, anasinzia ovyo au mkono mmoja umelegea, hapo hakuna tena mjadala wa nani anaogopa nini, piga 911 na uombe gari la wagonjwa. Inawezekana kabisa ni maumivu ya kawaida na hofu iliyomkaa mwilini. Lakini wa kusema hivyo ni daktari mwenye picha ya kichwa mkononi, na sisi wengine wote tunabahatisha.

Kama anaogopa bili, mwambie hivi: tangu mwaka 1986 kuna sheria ya nchi nzima inayoilazimu idara ya dharura ya hospitali kumpima na kumtuliza kila mgonjwa anayefika, awe na bima au hana. Bili itakuja, ndiyo, na baadaye nitakueleza pa kuipeleka. Mkifika mapokezi, sema tu "Swahili", na mkiulizwa mseme Kiswahili cha Congo. Mkalimani atapatikana kwa simu au kwa video bila malipo. Mimi nimefanya kazi ya ukalimani hospitalini na mahakamani muda mrefu, na ombi langu kwa kila mzazi ni lilelile: msimtumie mtoto. Riziki asiwe ndiye wa kumsikia baba yake akieleza alivyowekewa bastola, kisha aigeuze Kiingereza mbele ya wageni.

Daktari atauliza alipigwa vipi. Aseme ukweli. Sheria ya Illinois inaitaka hospitali iwape polisi taarifa inapomtibu mtu aliyejeruhiwa katika uhalifu, kwa hiyo huenda ofisa akaja pale kitandani. Najua Baba Riziki akisoma hapa ataweka karatasi chini. Mwombe aendelee, maana sehemu inayofuata naiandika kwa ajili yake.

Baba Riziki, hofu yako sitaidharau. Patrick Lyoya alikuwa na miaka 26. Tarehe 4 Aprili 2022 ofisa wa polisi wa Grand Rapids alimsimamisha barabarani asubuhi, wakakimbizana, wakang'ang'ania kifaa cha polisi cha kumpiga mtu shoti ya umeme, na ofisa akampiga risasi ya kisogoni Patrick akiwa amelala kifudifudi. Kesi ilifika mahakamani mwaka 2025, wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia. Wazazi wake waliikimbia vita Congo, wakamzika mtoto Michigan. Hapo kwenu Chicago nako, mwaka 2014 ofisa alimpiga Laquan McDonald, kijana wa miaka 17, risasi 16, na video haikutolewa hadi mwaka mmoja na zaidi baadaye. Yule ofisa alitiwa hatiani mwaka 2018. Mtu anayekwambia uwaamini polisi kwa moyo mweupe hajui anachokuomba.

Lakini hebu tazama kesi ya Patrick ilianzia wapi. Ofisa alimsimamisha akisema namba ya gari haikuwa ya gari lile. Namba ya gari ndiyo iliyomfanya asimamishwe. Sasa gari lako lilikuwa mikononi mwa watu wenye bastola siku nne. Wewe hujui walilitumia kwa nini. Kama waliligeuza la kuporea watu wengine, namba yako ipo kwenye maelezo ya mtu mwingine aliyeporwa, na anayeliendesha leo usiku ni wewe, unapeleka chakula. Polisi wakikusimamisha kwa sababu hiyo hawatakuja kwa upole wa tiketi ya taa iliyokufa. Watakuja wengi, silaha mkononi, na wewe hutajua kwa nini. Hicho unachokiogopa kuliko vyote, ukimya wako ndio unaokisogeza karibu. Na ukiwa na bastola ya dola 400 chini ya kiti, sitaki hata kumalizia sentensi.

Kwa hiyo nendeni mkatoe taarifa, ila kwa namna mtakayoichagua ninyi. Hamna haja ya kumwita ofisa mlangoni usiku. Nendeni mchana, kituo cha wilaya ya 24 kipo hapo hapo Rogers Park, Clark Street, na taarifa ya tukio la Austin wanaweza kuipokea. Mchukue mchungaji au mfanyakazi wa shirika lililowapokea. Ombeni mkalimani. Mseme tarehe ya kweli ya tukio na mseme wazi kwa nini mlichelewa. Msijaribu kuisogeza tarehe ili ionekane ni ya juzi, kwa sababu taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, na rekodi ya oda kwenye simu itawaumbua. Mseme pia kwamba gari mmeshalipata, na mhakikishe kabla hamjatoka kwamba halimo kwenye orodha ya magari yaliyoibwa. Wapo watu waliosimamishwa kama wezi ndani ya gari lao wenyewe kwa sababu hakuna aliyelifuta kwenye orodha.

Msitoke pale bila namba ya taarifa yenu. Chicago wanaiita namba ya RD. Iandikeni, ipigeni picha, maana hiyo ndiyo itakayofungua milango mingine yote.

Nisikudanganye kuhusu hao vijana wawili. Chicago kesi nyingi za uporaji huisha bila mtu kukamatwa, na ya kwenu yenye wiki tatu ina uwezekano mdogo zaidi. Mnakwenda kituoni kwa ajili yenu, ili jina lenu na gari lenu vitengane na walichokifanya wao.

Tuje kwenye tiketi. Ya taa nyekundu ni dola 100, za mwendo kasi ni 35 au 100 kutegemea ulizidisha kiasi gani, na ukichelewa kulipa zinakuwa maradufu. Msizilipe kwanza, na msizitupe. Kulipa ni kukubali. Kila tiketi imeandikwa tarehe ya mwisho ya kupinga, kwa barua au kwa kufika mbele ya ofisa anayesikiliza pingamizi. Sheria ya Illinois inakubali utetezi kwamba gari lilikuwa limeibwa au limeporwa wakati huo, lakini inataka uthibitisho kwamba polisi walipewa taarifa kwa wakati. Hapo ndipo wiki zenu tatu zitawabana. Wanaweza kusema mmechelewa. Kwa hiyo pelekeni vitu vingi kadiri mnavyoweza: namba ya RD, karatasi za hospitali, rekodi ya programu ya vyakula inayoonyesha oda zilivyokatika ghafla usiku ule, karatasi za yadi zinazoonyesha gari lilikokotwa wapi na lini, na barua ya kiwandani ikiwa saa za tiketi zinaangukia saa zake za kazi. Hii ya mwisho ina nguvu sana. Mtu hawezi kuwa kwenye mashine ya kiwanda na kwenye taa nyekundu kwa dakika ileile.

Benki nendeni leo pia, hata kama Baba Riziki bado anasitasita juu ya kituo. Pesa iliyotumwa kwa kushikiwa bastola, sheria ya shirikisho haihesabu kuwa mwenye akaunti aliiidhinisha, hata kama kidole kilichobonyeza ni chake. Ila sheria hiyo inahesabu siku, na ukomo mkubwa ni siku 60 tangu benki ilipokutumia taarifa ya akaunti inayoonyesha muamala huo. Bado mmo ndani. Ofisa wa kwanza wa benki anaweza kusema, "Ulituma mwenyewe." Mjibu kwamba mliporwa kwa silaha na mnafungua malalamiko rasmi, kwa maandishi, mpewe nakala.

Na ile bili ya hospitali: Illinois ina mfuko wa fidia kwa waathirika wa uhalifu wa kikatili, unasimamiwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Haurudishi gari wala pesa ya likelemba. Unalipia matibabu ambayo bima haikuyafikia, siku za kazi zilizopotea kwa majeraha, na ushauri wa mtaalamu kwa mtu ambaye hawezi tena kulala. Hauulizi uraia. Unataka kuona taarifa ya polisi. Nimewaona watu wetu wakilipia jeraha mwaka mzima kidogo kidogo kwa sababu hakuna aliyewaambia mfuko huu upo, na inaniuma kila mara.

Kuhusu watu wa uhamiaji. Operesheni iliyoanza Chicago Septemba 2025 ni ya maofisa wa serikali kuu. Polisi wa jiji ni chombo kingine. Amri ya jiji inawakataza kumuuliza mtu hadhi yake ya uhamiaji, na sheria ya jimbo ya mwaka 2017 inawazuia kumshikilia mtu kwa ajili ya uhamiaji pekee bila hati ya jaji. Ninyi mna kadi za ukaazi, na sheria inamtaka kila mwenye kadi hiyo, akishatimiza miaka 18, aibebe popote aendapo. Baba Riziki aitoe kabatini aiweke kwenye pochi, na nakala ibaki nyumbani. Mtu akibisha mlango akisema ni wa uhamiaji, hamlazimiki kumfungulia mpaka aonyeshe hati iliyosainiwa na jaji, mnaweza kuitazama kupitia dirishani.

Na akisimamishwa barabarani, kuna jambo moja ambalo watu wetu wengi waliotoka kwetu hawajaambiwa. Kule nyumbani dereva akisimamishwa hushuka, humfuata afande, humsalimia, huo ndio ustaarabu. Hapa ukishuka bila kuambiwa unaweza kuhesabiwa unamshambulia. Azime gari, awashe taa ya ndani, ashushe kioo, mikono yote juu ya usukani, abaki amekaa. Kabla ya kuingiza mkono mfukoni aseme anachokwenda kuchukua. Simlaumu marehemu hata kidogo kwa kushuka garini, hakuna kosa la kushuka garini linalostahili kifo. Nataka tu Baba Riziki arudi nyumbani.

Sasa bastola. Mama Riziki, hapa simama imara hata kama nyumba itatikisika. Illinois mtu haruhusiwi kumiliki silaha bila kadi ya jimbo, na kutembea nayo garini ikiwa tayari kufyatuliwa kunataka leseni nyingine juu ya hiyo. Hicho anachouziwa na rafiki ni kosa la jinai siku ya kwanza tu akiishika, na huenda ina damu ya mtu asiyemjua. Kwa mzaliwa wa hapa hilo ni jela. Kwa mwenye kadi ya ukaazi ni jela, na baada ya jela kuna kurudishwa, kwa sababu sheria ya uhamiaji inahesabu kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kuwa sababu ya kumwondoa mtu nchini. Mtu aliyevuka kutoka Fizi hadi Kigoma, akakaa Nyarugusu miaka yote hiyo, akahojiwa na kupimwa mara ngapi sijui, atapoteza vyote kwa dola 400. Na ingemsaidia nini usiku ule? Walimkuta ameshika mfuko wa chakula mkononi. Bastola ingekuwa garini, na gari walilichukua wao.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kulisema kwa mke. Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua wenyewe. Mwanamume asiyelala, anayekaa dirishani usiku kucha, mwenye aibu ya pesa za watu na maumivu ya kichwa, ndiye hasa asiyetakiwa kuwa na bastola karibu. Mwulize, kwa upole na bila kuzunguka, kama mawazo ya kufa yanamjia. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, kuna namba 988, saa 24, na mkalimani wanaweza kumwita. Tangu mwaka 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa nchi hii, na wewe nyumbani una wanne.

Mmoja wao ameanza kuuliza majina shuleni. Riziki anampenda baba yake, hilo ndilo lililomo ndani ya maneno yale, na ndivyo kisasi kinavyoingia kwa kijana aliyelelewa vizuri. Chicago inalifahamu hili kuliko miji mingi. Mwaka 2000 daktari wa magonjwa ya mlipuko, Gary Slutkin, alianzisha katika mtaa wa West Garfield Park mpango wa kuzuia risasi kwa njia alizojifunza kwenye kipindupindu na kifua kikuu katika kambi za wakimbizi Somalia: kumfikia haraka aliyeguswa na tukio, kabla hajalipeleka kwa mwingine. Wanaofanya kazi hiyo ni watu wa mitaani wenyewe, wengine waliwahi kufungwa, na hukaa na kijana aliyeumizwa au aliyeumiziwa ndugu mpaka hasira ishuke. Muulize mshauri wa shule yao nani anafanya kazi hiyo upande wenu. Wewe mwenyewe unaweza kuanza usiku wa leo. Mwambie Riziki kwamba umemsikia. Mwambie baba yake anakwenda kituoni, na kwamba kazi ya kuwatafuta wale vijana siyo yake. Baba yake naye amwambie hivyohivyo, kwa kinywa chake. Mtoto wa kiume wa umri ule anaona baba amenyamaza, anadhani amebaki peke yake kuilinda nyumba.

Halafu mtafutieni kazi ya kiangazi. Jiji lina mpango wa ajira za kiangazi kwa vijana kuanzia miaka 14. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia vijana 1,634 wa shule 13 za mitaa yenye vurugu Chicago. Waliopata kazi ya wiki nane walikamatwa kwa makosa ya kikatili pungufu kwa asilimia 43 katika miezi 16 iliyofuata. Dawa ya namna hii, ya bei ndogo hivi, ni adimu, na ninashangaa wazazi wetu wangapi hawajazisikia fomu zake. Akumbuke pia kwamba Chicago mtu wa chini ya miaka 18 hatakiwi kuwa nje baada ya saa nne za usiku bila mzazi. Na ikitokea akakamatwa, aseme jina lake, aseme anataka wakili, kisha anyamaze hadi wakili afike. Cook County ina mawakili wa umma wanaokuja kituoni bila malipo.

Kina mama wa likelemba wanastahili kusikia kutoka kwako, tena mbele yao wote, kabla mnong'ono haujawa hadithi. Ukishapata namba ya RD, itisha kikao, mama mchungaji awepo, uwaonyeshe. Uporaji haukuwa kosa lenu, lakini pesa zilikuwa mikononi mwenu, na yule aliyekuwa zamu yake alikuwa na mipango nayo. Pendekeza mlipe kidogo kidogo kwenye kila mzunguko, na wengine wakitaka kusaidia wasaidie kwa hiari. Hapohapo mbadilishe utaratibu: pesa ipite kwenye akaunti, si kwenye mkoba wa mtu mmoja. Amana za benki zimewekewa bima ya serikali hadi dola 250,000. Watu wanaojua kwamba wakimbizi hutembea na noti ni wengi kuliko tunavyodhani, na sina maana kwamba mmoja wenu aliwasemea.

Iowa ni uamuzi wenu. Ila msihame kwa sababu mmeambiwa mji utawamaliza. Mwaka 2021 Chicago waliuawa karibu watu 800, na magari zaidi ya 1,800 yaliporwa kwa nguvu mwaka huo. Mwaka 2024 mauaji yalikuwa 573, na mwaka 2025 yalishuka hadi kiwango ambacho mji haukukiona tangu katikati ya miaka ya 1960. Na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni vya mitaa michache ya magharibi na kusini, ambako watu wanaishi, wanasali na kulea watoto kama ninyi, na wanaumia kuliko mtu yeyote. Rogers Park si salama kabisa, hakuna mtaa ulio hivyo, lakini mnakoishi siko alikoporwa. Abadilishe saa na upande wa kupelekea oda, akatae ya usiku wa manane, asiache injini ikiwaka anaposhuka. Mkiona miezi mitatu ijayo bado hofu ndiyo inayowapangia maisha, hameni kwa utulivu, mkiwa na kazi huko na shule za watoto zimejulikana, baada ya kuzimaliza tiketi na malalamiko ya benki. Mkiondoka sasa, barua za Chicago zitawafuata Iowa na faini zikiwa zimekua.

Leo ni hospitali na benki. Kesho kituo. Nakala za tiketi zitume kwangu, ufiche namba ya gari na jina, nikusaidie kupanga barua ya kuzipinga kwa Kiingereza kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake.

Shangazi